Siku Mkunga Alipomkataa Shemeji

Shemeji yangu ana tabia moja inayoniudhi kuliko zote: amenisamehe. Akija Mtoni kuwasalimu wazazi ananitafuta mie kwanza, ananipiga bega, ananiuliza, "Vipi, bado una kinyongo?" Namjibu, "Kinyongo gani shemeji, karibu ndani." Ninacho. Ninacho kikubwa tu, nakilisha na kukinywesha, na nimeamua kueleza kilikotoka kabla watu wa nyumbani hawajamaliza kuisimulia habari hii wanavyotaka wao. Kwa maelezo yao, mie ni mtoto aliyetaka kuharibu harusi kwa ajili ya katuni.

Kwanza kabisa, mkunga hakuwa katuni.

Dada yangu amenipita miaka tisa. Alipopata kazi ya ukarani kwenye kiwanda kimoja pale Chang'ombe, kitu cha kwanza kuleta nyumbani hakikuwa kitenge cha mama wala viatu vya baba. Ilikuwa mashine ya gemu, iliyotumika, ndani ya mfuko wa salfeti, na pedi moja ya kuchezea yenye kitufe kinachonata. Ilikuja na gemu tatu. Mbili za mpira, ambazo washikaji wa mtaani walizifuata sebuleni kwetu mpaka mama akawatoa na ufagio. Moja ya hadithi, ambayo hakuna mshikaji aliyeitaka, maana ndani yake hakuna goli.

Hiyo ya hadithi ikawa yetu, mie na dada. Wewe ni askari umerudi kutoka vitani, umefika kwenye kijiji kando ya mto ambako hakuna anayekujua. Unalima, unajenga, unavua, na katikati ya hayo unaweza kumpenda mmoja kati ya wanawake wanne. Kuna mwindaji anayetembea na upinde. Kuna mjane tajiri mwenye kinu cha kusaga. Kuna dada wa mkuu wa kijiji, anayejisikia kama kijiji kakizaa yeye. Na kuna mkunga, ambaye kila ukimsogelea anakutupia kejeli. Ukiongea na mmojawapo, chini ya skrini zinakuja sentensi tatu, unachagua moja ya kumwambia. Ukipatia, ua linachanua pembeni. Ukikosea, linanyauka. Akifikisha maua kumi, amekubali. Na gemu lile lina roho mbaya: linajisevu lenyewe, hapo hapo. Hakuna kurudi nyuma. Ulichosema umekwisha kukisema.

Dada akitoka kazini alikuwa anakaa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, anasoma Kiingereza cha kwenye runinga na kunitafsiria. Mie nilikuwa chini kwenye mkeka na pedi. Mama alikuwa jikoni, anajifanya hasikilizi.

"Mkunga anakuuliza, umekuja na jeraha au umekuja na uongo?"

"Majibu?"

"La kwanza, nimekuja na vyote viwili. La pili, jeraha tu. La tatu, unanyamaza."

"Nyamaza," mama alisema toka jikoni. "Mwanaume anayejibu haraka ana mke kwao."

Nikanyamaza. Ua likachanua. Dada akapiga maji ya beseni kwa miguu yote miwili mpaka mkeka ukalowa.

Tulimchagua mkunga kwa kikao. Mama alitaka kujua marehemu mume wa mjane alikufa na nini. Tulipomwambia haijaelezwa, akasema basi mwacheni. Mwindaji alilala porini siku nyingi mno kwa mtu anayetaka familia. Dada wa mkuu hakuamkia watu. Akabaki mkunga, na mkunga alikuwa anaishi na bibi kizee anayesuka majamvi. Hapo ndipo tulipofanya ujinga ambao nadhani waliotengeneza lile gemu hawakuuwaza. Tulisema haiwezekani ukamrukia binti na mkubwa wake amekaa pale mlangoni. Kwa wiki mbili nzima, kila asubuhi ya kwenye gemu, nilikuwa navua samaki nampelekea bibi. Bibi alikuwa anapokea, anasema, "Mto umejaa leo." Kesho yake samaki wengine. "Mto umejaa leo." Baadaye sana tuligundua yule bibi ni pambo tu, kama kisima na mbuzi, hana uamuzi wowote juu ya mtu. Nikataka kuacha.

"Endelea kumpelekea," mama alisema. "Wewe hujui anamsema vipi mjukuu wake wakibaki wawili."

Nikaendelea. Washikaji walipita dirishani, wakachungulia. "Oya, bado unatongoza tu? Si umeshaota ndevu humo ndani?" Mwingine, "Mwambie akutumie namba." Niliwaacha waongee. Wasichana halisi nilishawajaribu. Darasani kwetu nilimwandikia mmoja barua, akanirudishia ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, na chini ameandika, rudia kazi. Mkunga angalau alikuwa ananijibu.

Miezi minne. Tukafika maua tisa.

Na katika hiyo miezi minne barua ya posa ililetwa kwetu, ikajibiwa, mahari yakazungumzwa, na mie nikaanza kuona nyumba inavyopangwa upya bila kuulizwa. Nguo za dada zikatoka kabatini zikaingia sandukuni. Jioni moja, miguu yake ikiwa kwenye beseni, nikamuuliza, "Ukienda huko Mwananyamala nani atanisomea?"

"Wewe uko kidato cha tatu, husomi?"

"Nasoma. Sielewi."

Akacheka. Halafu akasema, "Tumalize kabla sijaondoka. Ua la kumi nataka kuliona mie mwenyewe. Ukilichukua peke yako nakufinya."

Tukakubaliana hivyo. Nayaeleza haya taratibu kwa sababu nyumbani hakuna anayeyataja. Ua moja lilikuwa limebaki, lilikuwa la watu wawili, na harusi ilikuwa imekaribia.

Sasa ndiyo aje yeye.

Alikuja Jumamosi moja alasiri, kumwona baba kwa mambo ya shughuli. Mwalimu wa hisabati, mrefu, mwenye adabu iliyopitiliza, amepigwa pasi mpaka soksi. Baba alikuwa hajarudi msikitini. Mama alikuwa na sufuria tatu motoni. Dada haikufaa akae naye sebuleni peke yao, kwa hiyo nikakalishwa mie, na kwa kuwa hatukuwa na la kuongea niliendelea kucheza. Aliangalia kidogo, akauliza hiki nini, kile nini. Nikamjibu kwa heshima. Ndipo mama akaita, "We! Kimbia ukamletee mgeni soda!"

Duka la jirani halikuwa na ya baridi. Nikakimbia mpaka barabara ya Kilwa. Hilo ndilo kosa langu la pekee katika habari hii, nalikubali: nilitaka anywe ya baridi.

Niliporudi, pedi ilikuwa mkononi mwake.

"Nimekusaidia," alisema. "Naona ulikuwa umekwama."

"Umefanya nini?"

"Kuna dada mmoja alisimama kwenye mvua, anauliza utakaa naye au utaondoka. Halafu kule ng'ambo kuna mama mwenye kinu anakuita. Nikaenda kwa mwenye kinu."

"Kwa nini?"

"Ana kinu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kuthibitisha ubaoni.

Nikaangalia runinga. Mkunga alikuwa anavuka daraja, kifurushi kichwani, mgongo umetuelekea, anazidi kuwa mdogo. Chini yake maandishi yalisema ameondoka kijijini moja kwa moja, hatarudi. Na pembeni ile alama ya kujisevu ilikuwa inazunguka, inazunguka, ikasimama.

"Ni gemu tu, kijana," alisema, akafungua soda.

Usiku huo sikula. Asubuhi nikamwambia dada kila kitu, nikitegemea apandishe mashetani, avunje uchumba, angalau apige simu ya kufoka. Nikamwambia, "Kamwacha mkunga kwenye mvua, kaenda kwa mwenye kinu." Dada alinikazia macho, halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Maskini, sasa angejuaje? Hajui hadithi yoyote." Akafuta machozi na upande wa kanga. "Ana kinu! Jamani huyu mtu."

Alisema "huyu mtu" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Hapo nikaelewa kwamba ua letu halikumuuma, na aliyefanya lisimuume ni yule yule aliyelipoteza. Nikasema sawa. Utaniona.

Nilianza na visasi vidogo vya kupashia misuli. Yeye ana miaka ishirini na minane na alikuwa anataka kuonekana kijana, kwa hiyo kila nikimwona nilimwamkia shikamoo ya kuinama, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili, hasa akiwa na walimu wenzake. "Shikamoo mzee wangu! Miguu haijambo?" Hakuna mzazi duniani anayeweza kukuchapa kwa kuamkia. Pia nilimwambia mama mdogo kwamba bwana harusi anapenda pilipili kuliko maji, akawa anamwekea za kutosha, na yeye kwa adabu zake akawa anakula, jasho linamtiririka, anasema tamu sana mama. Nilifurahi, lakini ilikuwa furaha ya peremende. Ilikuwa inaisha mdomoni.

Kitu chenyewe nilikipata kwa shangazi.

Kwetu bwana harusi akitoka kufungishwa ndoa haingii hivi hivi chumbani kwa mwali. Mlango unashikwa. Watu wa upande wa bibi harusi wanajipanga pale, wanamtaka afanye jambo: aimbe, acheze, ajisifu, abembeleze, mpaka waridhike. Mwenye mlango kwetu ni shangazi, dada wa baba, mwanamke mwenye sauti ya king'ora na mapenzi makubwa ya vurugu. Nilimfuata akiwa anachambua mchele.

"Shangazi, siku hiyo mtamtaka afanye nini?"

"Wa mwisho niliyemshika mlango alicheza singeli na kanzu mpaka ikachanika. Huyu mwalimu sijui. Anaonekana hajawahi kucheza hata tumboni."

"Nipe mie nimpe kazi."

Akaniangalia. "Ngumu?"

"Ngumu."

"Chukua mlango," alisema.

Nilianza gemu upya siku ile ile. Ilikuwa likizo, nilikuwa na muda wote, na kamusi ya shule pajani badala ya dada. Mpango ulikuwa hivi: katika hadithi ile kuna sherehe ya mavuno, ambapo wanawake wote wanne wanasimama mstari mmoja uwanjani, na askari anaruhusiwa kumwomba yeyote acheze naye. Akikataliwa anaweza kumjaribu mwingine. Mie ningefika mpaka pale, ningempa shemeji pedi mbele ya ukoo wote, na wanawake wote wanne wangemkataa. Mmoja baada ya mwingine. Siku ya harusi yake, na kanzu yake.

Kwa hiyo ilibidi wamchukie. Kazi ya kuchukiwa si nyepesi kama watu wanavyodhani, inahitaji bidii. Nilimcheka mwindaji siku aliyomzika baba yake. Kinu kilishika moto, nikasimama pembeni na ndoo ya maji nikiangalia. Dada wa mkuu nilimwamkia kwa jina la ng'ombe wake. Maua yakawa yananyauka kama bustani ya shule wakati wa likizo.

Mkunga ndiye aliyenichelewesha. Zile sentensi nilizijua kwa moyo, nilijua ipi inamfurahisha na kwa nini, na kila siku nilichagua nyingine. Aliniuliza umekuja na jeraha au umekuja na uongo, nikamjibu kitu ambacho sikiandiki hapa. Alinipa kejeli siku za mwanzo. Baadaye akapunguza. Kuna siku nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba yao baada ya mtoto mmoja wa kijijini kufariki mikononi mwake, na zikaja sentensi tatu, na moja ilikuwa tu "nipo hapa". Nilikaa na pedi mkononi muda mrefu kidogo. Halafu nikachagua ile ya tatu, ya kumlaumu. Hakunijibu. Aliinuka akaingia ndani, na ua lake la mwisho likaanguka, na mie nikajisemea haya yote kayataka mwalimu.

Dada hakuwepo sebuleni siku hizo. Walikuwa wanamfunda, wanamsugua liwa, haruhusiwi kutoka. Aliwahi kuniuliza kupitia mlangoni, "Unacheza nini huko?" Nikasema mpira.

Siku ilifika. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya Alasiri. Mie niliwahi kurudi, nikahamisha runinga nikaiweka juu ya stuli kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea vyumbani, mbele kabisa ya mlango wa dada, na kuvuta waya kutoka sebuleni. Mashine ikawaka. Wanawake wanne wakatokea, mstari mmoja, taa za sherehe nyuma yao. Shangazi akasimama mlangoni na kanga mbili kiunoni, mikono imetanda kama golikipa.

Vigelegele vilianzia barabarani. Shemeji akaingia na watu wake, kanzu nyeupe, joho jeusi, kilemba kimemkaa vizuri kwa bahati mbaya. Mama yake alikuwa nyuma yake na mawifi kama kumi.

"Hapiti mtu!" shangazi akanguruma. "Mwenye mlango leo ni mdogo mtu. Mwalimu, keti chini upewe mtihani!"

Kicheko. Shemeji aliona runinga. Aliniona mie. Akaelewa, maana si mjinga.

"Kumbe bado?" alisema taratibu.

"Bado, shemeji. Karibu mkekani."

Akaketi, akakusanya kanzu vizuri, akapokea pedi. Nikaeleza kwa sauti ili wote wasikie: hawa ni wanawake wanne, bwana harusi achague wa kucheza naye, akipata hata mmoja mlango unafunguka. Ukumbi ukachangamka. Wanawake wa pande zote mbili wakaanza kumpangia.

"Chukua huyo wa upinde, mtakula nyama!"

"Huyo mwenye mkufu ana asili!"

"Mkunga!" wifi mmoja wa upande wao alipiga kelele. "Chukua mkunga, utazalishiwa nyumbani!"

Shemeji hakuwasikiliza. Alinitazama mie, akasema, "Safari hii mkunga." Na akaenda kwake. Nadhani alitaka kutengeneza alichoharibu. Nadhani hivyo sasa. Wakati ule niliona tu anaingia mtegoni na miguu yote.

Mkunga alimwangalia. Maneno yakatokea. Nikatafsiri kwa sauti ya mwadhini: "Anasema, wewe siongei na wewe. Ondoka mbele yangu."

Ukumbi ulilipuka. Shangazi alipiga makofi mpaka kanga moja ikafunguka. "Kapigwa chini! Mwalimu kapigwa chini!" Shemeji naye akacheka, akafuta jasho. "Basi nijaribu mwingine."

Mwindaji: "Ulinicheka msibani. Nenda zako." Kicheko tena, ila kidogo.

Mjane: "Kinu changu kiliungua, wewe ukiwa umeshika maji." Hapo walicheka watoto tu. Mtu mzima mmoja akasema, "Hee."

Alipofika kwa wa nne pedi ilikuwa inateleza mikononi mwake. Dada wa mkuu akamwambia hata ng'ombe wao hawataki awaguse. Nilitafsiri neno kwa neno. Hakucheka mtu.

Mama yake shemeji akasogea mbele. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye buibui jipya. "Astaghfirullah," alisema. "Mwanangu anakataliwa mara nne mlangoni kwa mkewe, siku ya ndoa yake? Nyie watu mna nia gani na sie?"

Mikono ya shangazi ikashuka. Mawifi wakaangaliana. Shemeji alikuwa ameketi pale mkekani, kilemba kimehama, masikio yamekuwa na rangi nyingine, na mie niseme ukweli wa Mungu: nilisikia utamu ulionishuka mpaka magotini. Wiki ngapi nilikuwa naungoja. Nilimwangalia nikasema moyoni, ni gemu tu, kijana.

Ndipo mlango ukaongea. Mwali haongei siku hiyo, kila mtu anajua, lakini sauti ya dada ilitoka mle ndani, wazi kabisa.

"Nani kamkataa?"

"Wote," mtoto mmoja akajibu.

"Na mkunga?"

"Na mkunga."

Dada akauliza: "Ana maua mangapi?"

Katika watu wote waliojazana mle, swali lile lilikuwa la mtu mmoja. Shangazi alidhani mwali ameweweseka kwa njaa. Nikasema, "Hana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Hayaishi yenyewe yale," dada alisema. "Umekaa siku ngapi unamfanyia hivyo?"

"Mimi?" shemeji alishtuka. "Wallahi mimi nimeshika hii pedi sasa hivi."

Niliangalia runinga, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia. Wale wanne walikuwa wamesimama bado, taa zinawaka nyuma yao, wanangoja niseme kitu. Nilikuwa na majibu ya kila mtu siku ile. Ya dada sikuyaandaa.

Kitasa kikazunguka. Alifungua mwenyewe. Mikono ina piko mpaka viwikoni, nywele hazijafunikwa, na wanawake wakapiga mayowe wakamrushia kanga, moja, mbili, nne, mpaka akawa kama kamba ya kuanikia. Hakuzijali. Alimwambia shemeji, "Inuka, utakunja kanzu." Shemeji akainuka. Dada akamshika mkono wa joho, akamwingiza ndani, na katika kugeuka akanipitishia macho, mara moja, bila hasira. Mlango ukafungwa. Vigelegele vikarudi vyenyewe, kwanza vya mama mkwe, halafu vya wote.

Jioni mama alinikuta nakunja waya. "Umemwaibisha dada yako mlangoni kwake."

"Nimemwaibisha yeye, si dada."

"Toka saa kumi leo," mama alisema, "hao ni watu wawili?"

Shangazi alinikwepa mwezi mzima, maana lawama yangu ilikuwa na nusu yake. Baba aliniwekea adhabu ambazo siziorodheshi. Shemeji, wiki iliyofuata tu, alinitumia ujumbe: "Mtihani ulikuwa mgumu, haha. Njoo kwetu." Angekasirika ningepumzika. Ningepata mtu wa kupigana naye. Yeye ananichekea, na kila akinichekea namchukia tena kuanzia mwanzo.

Nilienda. Sikwenda kwa ajili yake. Nilipanda mpaka Mwananyamala Ijumaa moja baada ya shule, nikiwa nimejiandaa kwa makofi. Dada yangu ana mkono mwepesi, tangu utotoni ananipiga kisogoni kwanza ndiyo anaongea. Nilikuwa nimekwisha kukitayarisha kisogo.

Alinifungulia akatabasamu. "Karibu," alisema. "Karibu sana. Pita, keti." Akanionyesha kochi, upande wa feni. Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe, taulo jipya begani. Akaleta wali kwenye sahani zile za maua ambazo watu wa nyumbani hawazigusi, na vipande vikubwa vyote akaviweka upande wangu. Akaniuliza shule inaendaje. Akaniuliza baba hajambo, mama hajambo. Kila nikijibu alisema, "Alhamdulillahi." Miguu yake ilikuwa kwenye viatu.

"Gemu nimekuletea," nilimwambia. Lilikuwa kwenye begi. "Nimeanza upya. Mkunga ana maua manne. Nilidhani labda leo unisomee."

"Usiku mama mkwe anakuja," alisema. "Siku nyingine, Mungu akipenda. Ongeza mchuzi."

"Dada."

"Ongeza, usione haya."

Shemeji akatoka chumbani, akafurahi kuniona kama nimemletea cheti. "Umelileta? Weka basi tucheze! Nifundishe huyu mkunga anatakaje."

Dada alikuwa anatoa vyombo. Hakugeuka. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumwambia maneno mengine, ninayo mengi na yamekaa tayari. Nilimpa pedi. Nikamwonyesha kitufe kinachonata. Nikamwambia akiulizwa anyamaze, na akanyamaza, na ua la tano likachanua, na yeye akapiga kelele akaita jikoni, "Mke wangu, njoo uone!"

Jikoni maji yaliendelea kumwagika kwenye sinki.

Wakati wa kuondoka dada alinifungia chakula cha mama kwenye bakuli lenye mfuniko, akalifunga kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka getini kama anavyosindikizwa mtu wa mbali. "Ahsante kwa kuja," alisema. "Salimia nyumbani."

Nikamwambia, "Si unipige tu."

Aliniweka bakuli mkononi vizuri, akalinyoosha lisimwagike. "Shika kwa chini," alisema. "La moto."